Hujikuna Ajipatapo

Saa nane za usiku, Kitgum, joto la Februari.
Nimekaa ndani ya beseni, gunzi la mahindi mkononi,
nimekatazwa kulitumia.
Tumbo limewambika, lang'aa;
ukipitisha ukucha, umewasha kiberiti.

Enyi wahenga, mtu hujikuna ajipatapo:
mlikuwa na mimba ya miezi minane?
Nyayo zangu sijaziona tangu Krismasi.

Ochan ameamka.
Anayeyusha mafuta ya shea kwa joto la mikono,
anaanzia visiginoni, kisha:
"Na viganja?"
Navyo vyawasha.

Ananyamaza. Nesi alisema
viganja vikiwasha, msingoje.
Anapapasa gizani ufunguo wa pikipiki.

Mtoto anapiga teke
palepale panaponiwasha,
kama anayenikuna kwa ndani.