Asiyevuka

Amekuja na kiti cha kukunja,
koti la manjano, chupa ya chai,
na kidude cha chuma kiganjani kinacholia tik
kila mguu unaposhuka ukingoni.
Halmashauri imemtuma hapa Oldham,
njia panda ya Thornley, Jumanne moja tu ya Novemba,
aone kama tunastahili kivuko.

Nilikuwa natoka zamu ya usiku,
mikono inanuka sabuni ya wazee wa watu.
Nikamuuliza, mnahesabuje?
Hakunificha. Akaniandikia kanuni nyuma ya risiti ya petroli:
idadi ya watu, zidisha kwa magari,
kisha zidisha tena kwa magari yale yale.
Nikaitazama. Hata kwenye karatasi
gari linaingia mara mbili, mtu mara moja.

"Na wasiovuka?"
"Wepi?"
"Wasiovuka kwa sababu wanaogopa."
Akakitazama kidude kana kwamba kingemjibia.
"Asiyevuka," akasema taratibu, "hana tarakimu."

Nikamwonyesha dirisha la ghorofani, lenye pazia la kijani.
Pale anakaa Bibi Edna Hargreaves, miaka themanini na mitatu.
Duka la mikate linatazamana naye, hatua ishirini na mbili;
alizihesabu mwenyewe, enzi za kuzitembea.
Huu mwaka wa sita anaujua mkate kwa harufu,
na wa kula analetewa na gari,
gari moja zaidi la kuwatisha wengine.

Kwetu tulifunzwa: usimtukane mamba kabla hujavuka mto.
Sikumtukana. Mamba wa Thornley ana magurudumu kumi na mawili,
anatoka kwenye maghala ya barabara kuu,
na dereva wake naye ana saa inayomfukuza mgongoni.
Sina ugomvi naye.
Ugomvi wangu ni na aliyeuchora mto huu
akiwa hana haja na ng'ambo yake.

Nikavuka. Tik.
Nikasimama upande wa pili, sina ninachotafuta huko,
nikarudi. Tik.
Mara ya tano akainua nyusi.
Mara ya tisa akanimiminia chai kwenye kifuniko.
"Kazi yangu kuhesabu," akasema. "Sikuulizi unakwenda wapi."
Nikavuka na chai yake mkononi.

Saa tatu, wazazi wa shule ya awali wakaelewa bila kuambiwa.
Bwana Iqbal akafunga duka la simu, akavuka na mwanawe, akarudi na mwanawe.
Vijana wawili wakavuka wakicheka,
mmoja kinyumenyume; nikamkaripia kwa Kiswahili
na akatii.

Pazia la kijani likasogea.

Nikapanda ngazi. Dakika arobaini za koti, skafu, viatu,
miwani kusahauliwa, miwani kutafutwa, miwani usoni.
Tukasimama ukingoni, mkono wake ndani ya wangu
ukitetemeka kama simu iliyozimwa sauti.
Lori likapita. Lori likapita. Teksi.
Ndipo mhesabuji, aliyekatazwa kuinuka kitini,
akainuka,
akaingia barabarani na manjano yake yote
na kunyoosha mkono.
Magari yakasimama.

Hatua ishirini na mbili zilikuwa zimekuwa arobaini na moja.
Bibi Edna akanunua mkate mmoja wa mbegu.
"Pauni tatu na nusu!" akamaka. "Heri ningebaki nyumbani."

Wakati wa kurudi akamgeukia yule mtu:
"Umeniandika?"
Hakuwa amemwandika. Mkono wenye kidude
ndio uliozuia malori.
Akabofya mara mbili mbele ya miwani yake,
kwenda, na kurudi.

Sasa ni Februari. Barua haijaja.
Nikitoka zamu huvuka pale pale, mbiombio, kama kila mtu,
na katikati ya lami, kwenye ncha ya ulimi,
hujisikia nikisema:
tik.