Giga Nane

Fundi Mbwarali alipoifungua ubavu akacheka:
"Mama Swabra, hii kompyuta au kinu?"
Vumbi la Kibokoni limeshikana kama sufi,
skrubu zimeota kutu ya chumvi,
na chini ya feni mjusi kafiri, mkavu,
mkia kaukunja vizuri.

Miaka kumi na mmoja.
Humo nimepiga kadi za harusi za mtaa mzima,
nyingine za walioachana
wakarudi kwangu na majina mapya ubavuni mwao.
Asubuhi nikiiwasha nakuna nazi,
nachuja tui la kwanza, la pili,
narudi: kiduara bado kinazunguka.

"Diski imechoka," akasema. "Na mfumo huu,
hata waliouunda wameshausahau."
Akatoa kumbukumbu mpya, kijibao chembamba kama kitana,
akakibana mpaka kikalia: ka!
Nikawaza, ningelazwa mimi juu ya meza hii,
angeipachika wapi?

Asilimia tisini na nne, stima ikapotea.
Tukakaa gizani na bisibisi zetu,
jasho likitutiririka, hakuna aliyesema neno.
Iliporudi, ikaanza tena: moja.
"Usiiguse," akaninong'oneza,
kama mtu aliyelaza mtoto mwenye homa.

Leo imewaka hata mbuzi sijamkalia.
Kioo cheupe, hakina doa, kikaniuliza:
Jina lako nani?

Mimi? Wewe uliyenisomeshea wawili?

Nikaandika. Nikakosea herufi, nikafuta.
Nazi ingali nzima mkononi.