Mita Mia Mbili Themanini na Mbili

Koni mbili za rangi ya chungwa,
kati yake mita thelathini za sakafu inayonuka dawa.
"Mama Aikande," anasema Tumsifu, kijana wa mazoezi ya viungo,
"tembea kama mtu anayewahi, ila usikimbie.
Dakika sita. Ukichoka, simama upumzike.
Saa yenyewe haitasimama."

Hilo la saa nalijua.

Nimevaa raba za mwanangu. Tumbo limetangulia,
maji yake yanacheza kama ndoo isiyofunikwa,
na miguu, mifupa juu, uvimbe chini, inalifuata
kwa shingo upande.

Safari ya kwanza naona aibu.
Ya tatu, mfagiaji ananipisha na dekio lake.
Ya tano nakumbuka mizigo ya majani ya ng'ombe
niliyotoa bondeni, jua la saa nane,
nikapanda nayo Mbokomu hadi zizini bila kutua,
tena nikipiga umbea na Ndeonasia njia nzima.
Ya saba nikashika ukuta.
Ukuta ulikuwa baridi. Haukuniuliza kitu.

Watu waliuliza. Kisha wakajijibu: mbege.
Mimi, ambaye hata siku ya harusi yangu
nilipokea kata nikampitishia shemeji!
Ini langu halikungoja pombe. Kirusi kilikuwa mle
labda tangu nazaliwa, kimya,
kama mpangaji asiyelipa kodi wala kupiga kelele.

"Sasa kamua," ananipa kidude cha chuma chenye mshale.
Kamua!
Mkono huu ulikamua lita nane kila alfajiri
miaka ishirini na tisa.
Mshale unapanda hadi kumi na nne, unatetemeka, unarudi.
Tumsifu anaandika. Hanitazami usoni,
na kwa hilo namshukuru.

Halafu kiti: simama, keti, mikono kifuani,
mara tano. Ya nne niliifanya kwa hasira.
Ya tano sijui niliifanya kwa nini.

Mita mia mbili themanini na mbili.
"Daktari anataka kujua mwili una akiba gani," akasema.
Nikamwambia: mwanangu, sakafu yenu hapa Moshi mjini imelala.
Kwetu hakuna mahali palipolala.
Andika basi na mlima.
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaandika kitu pembeni mwa karatasi.

Amenipa kazi ya nyumbani: nisimame kitini mara kumi,
asubuhi na jioni, na uji kabla ya kulala,
nisilale njaa hata siku moja.

Kwa hiyo alfajiri, mkwe wangu akiwa anakamua,
naleta kiti cha jikoni hadi mlango wa zizi.
Nasimama. Naketi. Nasimama.
Malaika anaacha kucheua, anageuza shingo,
ananikodolea yale macho yake makubwa.
Jana niliishia sita.
Leo, naona, anasubiri ya saba.