Kuchambua

Jamvi limetandikwa uani, Mtambwe, baada ya isha.
Karafuu mbichi zimelundikana kama kichuguu,
nasi tumezizunguka: Bi Kazija, Mize,
mjukuu wangu Shaame, na mie.
Dole gumba linasukuma kishada,
karafuu huku, konyo kule.

Redio ya Bi Kazija, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
ikasema: Daraja limebomoka.
Watu kadhaa wamepoteza maisha.

"Wamepoteza," akasema Mize,
"kama mtu aliyepoteza kandambili."

Shaame akafungua simu. Idhaa nyingine, nchi nyingine:
Daraja limebomolewa.
Na nani? Msomaji akameza mate,
akahamia bei ya mafuta.

Ya tatu ilikuwa na sauti ya kijana anayejiamini:
Wamelibomoa.
Ikawataja. Waasi, ikasema.
Ya nne ikawataja walewale: wapiganaji.
Ya tano: wana wa nchi.
Hapo Bi Kazija akauliza
hayo madaraja kwani ni mangapi.

Nilisomesha Kiswahili miaka thelathini na moja.
Niliandika ubaoni, chaki ikinimwagikia mkononi:
vunja, vunjwa, vunjika.
Nikasema hizi ni kauli za kitenzi.
Sikusema kwamba ile ya mwisho ni mlango wa uani,
mtu hutokea hapo
na nyayo zake asiachie hata mchanga.

Watoto hawangoji mwalimu.
Shaame, umri wa miaka mitano,
alisimama juu ya vigae vya kikombe cha marehemu babu yake,
kile chenye ua la buluu.
Bibi, kikombe kimevunjika.
Chenyewe?
Akatazama dari.
Chenyewe.

Basi nikizisikia nchi kubwa usiku huu,
zenye manowari na wasemaji wenye tai,
naona shingo ile ndogo
inavyoinuka kutafuta dari.

"Mie naishika ile ya tatu," Mize akasema.
"Angalau imetaja."
Nikamwambia: juzi, watu wa upande wake walipopiga soko,
ile ya tatu ilisema soko limeungua.
Mize akanyamaza.
Konyo likamponyoka, likaangukia kwenye karafuu.
Hakuliokota.

Nami nilitaka kitu kidogo tu,
jina la mto uliokuwa chini yake.
Hakuna aliyeutaja.

Sitajifanya msafi.
Ijumaa iliyopita majamvi yalilala nje, sikuyaanua.
Alfajiri nilikuwa macho. Nilisikia tone la kwanza juu ya bati,
nikasema bado kidogo,
nikavuta shuka.

Ghalani karani alizipekua, akazinusa,
akaniangalia juu ya miwani.

"Zimelowa," nikamwambia.