Sahani Mbili

Theluji imefika magotini huku Saskachewani,
na ukumbini, chini ya kanisa, madirisha yanatoka jasho.
Kina mama wa Rozari wamekunja kabichi mia nne,
wali na nyama tumboni, zimelala siniani
kama vichanga vilivyofungwa nepi.

Dola ishirini na tano kwa sahani.
Ukutani mafrateri sita wa jimbo,
shingo nyembamba ndani ya kola,
wanatutazama tukila kwa ajili ya ada yao.

Bronia hamenyi viazi mwaka huu, mikono inatetemeka.
Kapewa mlango na kisanduku cha bati:
analamba kidole, anahesabu, analamba, anahesabu.
Miaka saba nyuma picha ya mwanawe ilikuwa pale,
ya tatu toka kushoto.
Msumari bado upo.

Hatujawahi kumwuliza. Ndiyo adabu yetu,
na adabu nayo ina meno.

Saa mbili usiku greda la theluji linanguruma nje, linazimwa.
Zenoni anaingia kwa mlango wa jikoni,
buti zikidondosha maji,
anapandisha mikono ya shati, anasugua masufuria.
Padre anamsogezea taulo, basi.

Kisha anamwendea mama yake na noti ya hamsini.
"Sahani mbili."
"Mko wangapi?"
"Peke yangu. Nyingine ya yule wa mwisho pale ukutani,
mwenye masikio. Anaonekana hashibi."

Bronia anaitia noti ndani ya bati
bila kulamba kidole.