Wageni wa Siku Tatu

Ulisema siku tatu, Chilewa.
Nilikuwa nakamua alizeti ya mama mmoja wa Pandambili,
mashine inanguruma, sikukusikia vizuri,
nikaitikia kwa kichwa tu
kama mtu anavyoitikia salamu ya barabarani.
Ukashusha mzigo kwenye pikipiki,
umeviringishwa kitenge cha maua ya njano
na kamba ya mkonge fundo juu ya fundo.
"Vyuma vya shamba," ulisema. "Jumamosi navifuata."

Hukusema Jumamosi ya mwaka gani.

Usiku nilifungua kutafuta jembe la kuazima.
Magobore mawili na bunduki moja ya marisawa,
vimelala ubavu kwa ubavu kama watoto wenye baridi.
Damari alichungulia, akaenda kufunga mlango wa uani,
akarudi kusonga ugali,
asiseme neno mpaka asubuhi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa wako niwape nini?
Hawalimi, hawali, hawaagi.
Nimewahamisha mara nne:
uvunguni, darini, nyuma ya magunia ya mashudu,
kisha uvunguni tena, maana panya walianza kitenge.
Kibali, kama kipo, kina jina lako.
Kitanda kina jina langu.

Masika ya kwanza niliona kutu,
nikawapaka mafuta ya alizeti, kwa aibu tu,
kama mtu anayempaka mtoto wa jirani.
Masika ya pili sikupaka.

Nilipiga simu. Upo Manyoni, unakuja.
Nilipiga. Gari limekufa Bahi.
Nilipiga. Mvua.
Mara ya nne uliniuliza bei ya mashudu,
ukauliza mguu wangu unaendeleaje,
ukamtaja Ndahani wangu kwa jina, yuko darasa la ngapi,
na nilipofika kwenye mzigo
ukasema mtandao wa Kibaigwa mbovu sana,
husikii, husikii,
nami namsikia jogoo wa kwenu akiwika nyuma yako.

Nikakuita mwizi wa usingizi.
Nikamwambia Damari: huyu ametuuzia kesi kwa mkopo.

Mpaka nilipokutana na mama Edina mnadani,
anapima ulezi kwa kopo.
Sikumuuliza. Alijisemea mwenyewe, macho kwenye kopo:
usiku ule mahindini ulidhani ni nguruwe.
Ni mtoto wa dada yako.
Yu hai. Anachechemea.
Siku hizi nguruwe wakiingia shambani
unakaa ndani na redio, sauti juu,
wanakula mpaka wanashiba.

Nilirudi na ulezi ambao sikuuhitaji.

Sasa najua hukusahau, Chilewa.
Anayesahau huulizia siku moja, kwa bahati mbaya.
Wewe unapita mbali na neno lenyewe
kama unavyokwepa shimo la choo gizani,
kwa hesabu ya miguu.
Nakuelewa. Lakini juzi
Ndahani aliingiza mkono uvunguni kutafuta mpira,
akatoka na harufu ya chuma kwenye vidole,
akanusa, akanitazama.
Hakuuliza.
Kutouliza kwake ndiko kuliniamsha saa nane.

Gari la matangazo limepita na kipaza sauti:
mwenye silaha aisalimishe kwa hiari kabla ya mwezi kwisha,
hataulizwa.
Ni kweli au si kweli, Jumatatu nakwenda kituoni
mchana kweupe, juu ya mkokoteni,
nimewafunika kwa gunia la mashudu.
Wakiuliza za nani, nitasema za mtu
ninayemjua kwa jina moja,
aliyekuja kukamua debe mbili
akasahau hata chenji yake.
Uongo huo ni mdogo. Nitaubeba.

Kitenge kinabaki.
Damari amekifua kwa foma, kimekauka kwenye uzio,
maua mawili yametobolewa na panya.
Hicho ni chepesi, Chilewa.
Hicho kifuate Jumamosi.