Daftari la Kijani

Droo ya meza niliyorithi Ibra
ilikuwa na chaki mbili, ufunguo usio na kufuli,
na kipande cha mpira wa gesi, urefu wa dhiraa,
kilichong'aa upande mmoja, pale kilipozoea kiganja.
Sikuuliza cha nani. Nikafunga droo.

Siku ya tatu nikaifungua tena, kwa ajili ya Yakdhani,
jina lenye maana ya aliye macho,
na macho anayo:
kokwa za tende juu ya feni,
wino kwenye kanzu ya mwenzake,
paka ndani ya kabati la ramani.

Jioni nikamsimulia Mama kwa Kiswahili chetu cha jikoni,
kilichokuja na masanduku kutoka Unguja.
Hakuinua uso kwenye mbuzi.
"Mchelea mwana kulia, hulia yeye."
"Na mcheza kwao, Mama? Si hutunzwa?"
Akakuna. Nazi ikajibu kwa niaba yake.

Ofisini kuna daftari jekundu. Yakdhani yumo
kurasa kumi na moja, kwa hati za watu wanne.
Nikanunua la kijani, baisa mia mbili,
nikajiwekea sharti: kila siku mstari mmoja,
jambo jema nililoliona mwenyewe,
si la kumhurumia.

Jumapili nilimtazamia kama mwezi wa Ramadhani.
Hadi kengele ya mwisho, haujaandama.
Kisha akatoka nyuma ya wote, akaufunga mlango polepole
kwa kuwa kidole cha Thuraya kilikuwa kwenye bawaba.
Nikaandika hivyohivyo.
Jumatatu: kaazima mtu raba, kasahau kuidai.
Jumanne mstari ulibaki mtupu, naye akauona.
"Mbona leo hukuniandika?"
"Nilitazama. Labda sikutazama vizuri."
Akakunja uso kama aliyepunjwa kwenye mizani.

Sisemi amekuwa malaika.
Alhamisi kioo cha dirisha kilipasuka kwa mpira,
uwanja mzima kimya, vidole vyote vinamtafuta.
Akaja mwenyewe, vigae ndani ya kofia yake ya nakshi.
"Hii utaiandika kwenye daftari lipi?"

Joto la adhuhuri likaingia bila hodi.
Nikapokea kofia, nikakagua vidole vyake, kimoja kimoja.
Kisha tukatafuta ufagio:
yeye anafagia, mimi nimeshika kizoleo,
na kalamu iko mezani,
haijafunikwa.